Simu Tisa Chini ya Kawa

Kabla jua halijachomoza, Lamya alikuwa keshasali, keshafagia ua na keshatia maji mtungini, na sasa ameketi juu ya mkeka mbele ya sinia. Sinia ilifunikwa kawa la ukili wa rangi, kazi ya mikono ya bibi yake, Bi Bahiya. Mgeni angeliona angedhani chini yake mna chapati. Chapati ziko wapi! Chini ya lile kawa mlikuwa na simu tisa, zimepangwa duara kama vitumbua, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mwenyewe.

Lamya alifunua, akapiga mwayo, akaanza. Simu ya Bi Bashira: namba ya siri, fungua, soma, bonyeza, funga. Simu ya Bi Rukaiya: namba ya siri, fungua, soma, bonyeza, funga. Namba zote tisa alizijua kwa ghibu kuliko jedwali la kuzidisha la saba, ambalo mpaka siku ile lilikuwa likimtoa jasho. Alikuwa na miaka kumi na mbili, yuko darasa la sita, na mtihani uko mlangoni. Asubuhi yake ilianza na simu na usiku wake ukaisha na simu, na katikati palikuwa na skuli, chuo cha Kurani na vyombo vya kuosha. Mama yake alifanya kazi hotelini Nungwi na alirudi nyumbani Mpendae mara moja tu kwa wiki, kwa hiyo hakuwapo mtu wa kumpokea mzigo. Jamani, mtoto alikuwa amechoka.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Bi Bahiya alikuwa mkuu wa kikundi cha wanawake tisa wa Mpendae wanaoshona kofia za vitobo, zile nyeupe ambazo wanaume huzivaa pamoja na kanzu. Kofia hizo hazijui cherahani. Hushonwa kwa mkono, kitobo baada ya kitobo, na kofia moja huweza kula mwezi mzima. Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wanawake walikusanyika uani kwa Bi Bahiya, wakanywa chai, wakasengenyana kidogo, na yeye akagawa kazi. Aligawa kwa kumtazama mtu. Bi Bashira alichora maua kwenye kitambaa kwa penseli. Bi Rukaiya alitoboa. Mwenye mtoto mchanga alipewa kidogo, mwenye msiba hakupewa kitu mpaka amalize siku zake.

Na Bi Mwanakheri, mkubwa wao wote, hakushona tena. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kazi yake ilikuwa kufua kofia zilizokwisha, kuzitia dondo, ule wanga wa kuzikakamaza, na kuzivisha kwenye kalibu la mti zikauke. Kofia iliyopita mikononi mwake ilisimama wima hata bila ya kichwa. Hakuna aliyemwambia kwamba anafanya nusu ya kazi.

Jambo jingine, wanawake wale walijuana mikono. Kama mwalimu anavyoutambua mwandiko wa mwanafunzi, ndivyo wao walivyotambua mishono. Mishono ya Bi Bahiya iliinama kidogo kushoto, kwa sababu kidole gumba chake kilikatwa na mbuzi ya kukunia nazi alipokuwa msichana, na hakikunyooka tena. Ukimpa Bi Bahiya kofia mia, atakutolea zake bila ya kuuliza. Jambo hili likumbuke.

Miezi mitatu kabla ya asubuhi hiyo, ushirika wa kofia ulipata katibu mpya. Jina lake Faiza, dada wa miaka thelathini hivi, msomi, mchapakazi, mwenye kwenda mbio. Ofisi yake ilikuwa ghorofani katika kichochoro cha Mji Mkongwe, na kutoka huko alikuja na simu mpya kwa kila mshonaji na programu ndani yake. Kuanzia sasa, alisema, kazi zitaingia kwenye simu moja kwa moja. Mshonaji atabonyeza "Nimepokea" au "Siwezi". Asipojibu siku hiyo hiyo, kazi itahamia kwa mwengine. Kila Jumamosi atapiga picha ya kofia yake ionekane imefika wapi, na wateja wataziona picha hizo hata wakiwa Maskati. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, ukumbini, mchana wa jua kali. Faiza alisema haraka, akauliza kama wamefahamu, na wanawake tisa wakasema wamefahamu. Nani angenyanyua mkono mbele ya watu aseme kwamba hata kuiwasha hajui?

Walipotoka nje walitazamana. Ndipo Faiza alipomwona Lamya akimwonesha bibi yake jinsi ya kuongeza mwanga, akafurahi, akampa kazi. Awafundishe wanawake hawa mmoja mmoja kwa miezi miwili. Akampa na karatasi yenye majina tisa na visanduku tisa, atie alama ya vema kila mtu anapojua. Lamya aliichukua karatasi ile kwa fahari. Hakuna mtoto mwengine mtaani aliyepewa karatasi na ofisi ya mjini.

Fahari haikumaliza wiki mbili. Kufundisha watu wazima, tena wakubwa zako, si mchezo. Bi Bashira aliogopa kuivunja simu, akawa anaigusa kama anayegusa sufuria ya moto. Mwengine alisahau namba yake ya siri kila siku. Bi Mwanakheri alikiweka kidole na kukisahau hapo hapo, simu ikafungua mambo ambayo hata Lamya hakuyajua, kisha akauliza kwa upole, "Hapa ndo nshafika, mwanangu?" Hakuwa amefika hata nusu. Lamya alikuwa na kazi ya hesabu inamngoja, na mshumaa wa subira yake ukaanza kuyayuka.

Jioni moja akaunyosha mkono wake. "Nipe, nikufanyie," alisema.

Maneno mawili tu, lakini ndiyo yaliyofungua mlango. Kumfanyia Bi Mwanakheri kulichukua nusu dakika, na kumfundisha kungechukua nusu saa. Kesho yake akamfanyia Bi Bashira. Wiki iliyofuata wanawake waliona usumbufu kuja na kuondoka na simu, wakaziacha kwake moja kwa moja, maana za kupigiana walikuwa nazo zao ndogo za vitufe. Bi Bahiya mwenyewe akatoa sinia, akatoa na kawa ili vumbi lisiingie. Alidhani ndivyo ofisi ilivyotaka, kwamba Lamya amefanywa karani wao. Hakujua habari ya karatasi.

Na karatasi ilikuwa hivi. Faiza alipoiulizia, Lamya aliona aibu kusema kweli. Akatia vema, vema, vema, mpaka visanduku tisa vikajaa. Alijiambia atawafundisha baadaye, mtihani ukipita. Faiza aliipokea akamsifu sana. Kisha akatangaza kwamba, kwa kuwa wote wameshajua, mikutano ya Jumatatu na Alhamisi haina haja tena. Kitambaa kitapelekwa nyumbani kwa kila mmoja, na kofia zitafuatwa huko huko.

Ua wa Bi Bahiya ukanyamaza. Jioni za Alhamisi bibi aliketi peke yake na sindano yake, akitazama mlango. Mara nyengine alipika chai ya watu tisa kwa mazoea, wakainywa wawili, siku mbili.

Basi ile asubuhi ya sinia ilikuwa Alhamisi. Kwenye simu zote tisa mlikuwa na kazi mpya, kofia kumi na nane za harusi, mbili kwa kila mshonaji, muda wiki nane. Programu ilikuwa imegawa sawa kwa sawa. Lamya alikuwa amelala saa tano na kuamka saa kumi. Macho yalikuwa yakimwasha. Alibonyeza "Nimepokea" mara tisa mfululizo, kama mtu anayemenya mbaazi, akafunika kawa, akakimbilia skuli.

Saa nne, katikati ya somo la sayansi, alishtuka. Bi Mwanakheri hashoni. Bi Mwanakheri haoni! Alidhamiria akirudi tu ataeleza ofisini kwamba amekosea. Lakini alipofika nyumbani akaona kwamba akisema, Faiza atauliza kwa nini Bi Mwanakheri hakubonyeza mwenyewe, na hapo karatasi ya vema tisa itazungumza. Akaahirisha mpaka kesho. Kesho ikaja na mambo yake, akaahirisha tena. Unajua mwenyewe jinsi neno lililokwama kooni linavyozidi kuwa kubwa kila unapolimeza.

Jumamosi ya kwanza alizunguka nyumba kwa nyumba kupiga picha. Kwa Bi Mwanakheri, nyumba ya mwisho kabisa kule bondeni, alibisha hodi. Bi Mwanakheri alitokea mlangoni, mkono mmoja kauficha ndani ya kanga, akasema hajafika mbali, aje kesho. Lamya hakuwa na nguvu ya kesho. Alirudi nyumbani, akaichukua kofia ya bibi yake, akaipiga picha upande mmoja kwa simu ya Bi Bahiya na upande wa pili kwa simu ya Bi Mwanakheri. Programu ikaridhika, ikatoa alama ya kijani. Akafanya vivyo hivyo Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Huko skuli alisinzia darasani mpaka rafiki yake Sumaiya akawa anamfinya mkono mwalimu akigeuka. Sumaiya alimuuliza kama anaumwa. Lamya alitikisa kichwa. Alitamani kuumwa, angalau angelala.

Wiki ya tano Faiza aliwaita ofisini, Bi Bahiya na mjukuu wake. Walipanda ngazi zile ndefu za mbao pole pole, bibi akipumzika kila kituo na kujishika kiuno. Juu walikuta wageni, wakubwa wa ushirika, na picha za kofia zinaoneshwa ukutani kwa mwanga. Faiza alikuwa amevaa vizuri, ingawa chini ya macho yake palikuwa peusi kama pa Lamya. Alieleza kwamba kikundi cha Mpendae ndicho cha kwanza Unguja nzima. Watu tisa kati ya tisa wameshajua, picha hazijachelewa hata wiki moja. Wageni walipiga makofi. Lamya alitazama viatu vyake.

Picha zilipita moja moja, na chini ya kila picha jina. Bi Bahiya alivaa miwani yake, akasogea mbele. Ilipofika picha yake alitabasamu. Ilipofuata ya Bi Mwanakheri, tabasamu lilikaa pale pale lakini macho yakabadilika. Aliitazama muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya mtandio, akaketi. Alishukuru, akanywa soda aliyopewa, akaaga.

Walipofika kwenye kituo cha ngazi, pasipo mtu, Bi Bahiya alisimama.

"Lamya."

"Naam, Bibi."

"Ile picha iliyoandikwa Mwanakheri. Mkono ule wa nani?"

Lamya aliinama kama anayefunga kiatu.

"Siulizi kwa kuwa sijui," alisema Bi Bahiya. "Ile mishono imelala kushoto. Mkono ule wangu."

Njia ya mwongo fupi, walisema wazee, na ya Lamya iliishia pale kwenye ngazi. Alilia. Akaeleza yote kutoka mwanzo: kidole cha Bi Mwanakheri, maneno yale mawili, karatasi, vema tisa, "Nimepokea" tisa, picha nne. Bibi yake alisikiliza bila ya kumkatiza. Hakumpiga wala hakumfokea, na Lamya alitamani angemfokea. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hawaendi nyumbani. Wanakwenda kwa Bi Mwanakheri.

Walimkuta ameketi kizingitini, pale penye jua, kofia kaisogeza karibu na uso hata inagusa pua. Vidole vyake vitatu vilifungwa vitambaa, na kitambaa kimoja kilikuwa na damu iliyokauka. Lamya alimwamkia, naye akaitikia "Marahaba" bila ya kujua ni nani mpaka aliposikia sauti ya pili. Alipojua kwamba ni Bi Bahiya, aliificha kofia nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Bi Bahiya aliunyosha mkono, akaichukua kwa upole. Vitobo vilikuwa vimekwenda kombo, vyengine vimechanika. Mwezi mzima, na kofia haikufika hata robo.

Bi Bahiya alimuuliza kwa nini hakusema.

"Nseme nini, mwanakwetu?" alijibu Bi Mwanakheri. "Waliokileta kitambaa walinambia simu yangu imesema nimepokea. Ahadi ni deni. Nikadhani ndo tunapimwa, atakayeshindwa atolewe. Na mikutano hakuna tena, nimwambie nani? Nikasema ntajikaza, labda macho yatazoea."

Lamya alipiga magoti pale mchangani. Alisema sivyo. Si yeye aliyekubali. "Ni mimi, Bi Mwanakheri. Nilizibonyeza zote bila ya kusoma. Nikakumbuka, nikaogopa kusema. Nisamehe."

Bi Mwanakheri alipapasa mpaka akakipata kichwa cha mtoto, akaweka juu yake ule mkono uliofungwa vitambaa. "Basi umenipumzisha," alisema. "Nlidhani nimeanza kusahau mambo. Nlikuwa naogopa hilo kuliko sindano."

Lamya aliyasikia maneno yale akaona bora angechapwa.

Usiku huo bibi alimpa adhabu, nayo haikuwa ya fimbo. Asubuhi ya Jumamosi Lamya alitia simu nane kikapuni, akazirudisha nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba akasema kweli yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mlango wa kwanza alianza mara tatu. Mlango wa tano sauti ilimkauka. Mlango wa nane alikuwa amechoka kama aliyebeba magunia, lakini ulikuwa uchovu wa namna nyengine, unaomalizika ukilala. Bi Rukaiya alimkaripia. Bi Bashira alisikitika, kisha akasema kwamba hata wao wana lao, maana wametupa mzigo wote juu ya mtoto wakajifanya hawauoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alhamisi, baada ya alasiri, ua wa Bi Bahiya ulijaa tena. Faiza aliitwa, akaja mbio na kishkwambi chake mkononi. Lamya alisimama mbele yake akaitoa nakala ya ile karatasi, akazikata vema nane kwa kalamu nyekundu. Ilibaki moja, ya Bi Rukaiya, ambaye tangu arudishiwe simu alijifunza mwenyewe ili aonane na mwanawe aliyeko Maskati. Faiza alibadilika rangi. Alianza kusema kwa ukali kwamba ameshapeleka taarifa kwa wakubwa, kwamba amefedheheka, kwamba mtoto huyu amemharibia kazi.

Bi Bashira ndiye aliyemjibu. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Faiza, mwanangu. Siku ile ya mafunzo ulituuliza kama tumefahamu, tukasema tumefahamu. Laiti ungetuambia tukuoneshe, ungeona."

Bi Mwanakheri alikuwa ameketi pembeni, mikono juu ya magoti. Faiza aliitazama mikono ile, vile vitambaa, kisha akakiweka kishkwambi chini, akaketi mkekani na viatu vyake akavivua. Alionekana mdogo ghafla.

"Nilitaka mseme mmefahamu," alisema taratibu. "Mjini walikuwa wananiuliza kila siku wangapi wameshajua. Nilikuwa nimechoka, na mtoto akaniletea tisa. Sikuja hata mara moja kutazama. Kosa la Lamya ni lake, lakini hili la kutokuja ni langu."

Bi Bahiya akammiminia chai. Kisha kazi ikaanza, kama ilivyokuwa ikianza zamani. Kofia aliyoianza Bi Mwanakheri ilifumuliwa, kitambaa kilichochanika kikatupwa. Kazi iliyobaki iligawiwa upya kwa kutazamana usoni. Bi Bahiya alimpigia simu mama wa bwana harusi, aliyeziagiza kofia, akamweleza ukweli bila ya kuupamba, kwamba kofia kumi na sita zitawahi na mbili hazitowahi. Mama yule alinung'unika kidogo, kisha akasema kumi na sita zinatosha kuingia msikitini, mbili zitakuja baadaye.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, nisikudanganye. Faiza alikwenda kwa wakubwa akasema mwenyewe kwamba taarifa yake haikuwa sahihi, na alirudi macho mekundu. Lakini alirudi na ruhusa, na alirudi na Nadir, kijana aliyeitengeneza ile programu. Nadir alikuwa hajawahi kuishika kofia ambayo haijaisha kushonwa. Alikaa uani Alhamisi mbili nzima, akanywa chai, akaulizwa ataoa lini, akaona jinsi kofia moja inavyopita mikono minne. Alikiri kwamba yeye alidhani kila mtu hushona yake peke yake. Ilimchukua mwezi na zaidi kubadilisha. Sasa kazi iliingia kwa kikundi kizima kwanza, ikagawiwa uani, ndipo ikaandikwa kwenye simu ya kila mtu kile anachokiweza: kuchora, kutoboa, kushona, kutia dondo. Na herufi zikakuzwa.

Kufundishana kulirudi nyuma kabisa, kukaanza na kuwasha. Lamya alipewa nusu saa tu kila Alhamisi, na mtu mmoja tu. Sharti la bibi lilikuwa moja: asiguse simu ya mtu. Lilikuwa sharti gumu. Mara ya kwanza ilibidi aikalie mikono yake. Lakini Bi Bashira, yule aliyekuwa akiogopa kuivunja, alijua katika wiki tatu, akawa anawafundisha wenziwe kwa namna ambayo Lamya asingeiweza, maana yeye alijua hasa wanaogopa nini. Lamya alianza kulala saa tatu. Jedwali la saba lilimwingia kichwani hatimaye, na Sumaiya akaacha kumfinya.

Wa mwisho kujua alikuwa Bi Mwanakheri. Ilikuwa Alhamisi ya mvua, wamesogea wote chini ya bati. Kofia kumi na sita zilishakwenda harusini, zile mbili zilizobaki zilikuwa zimekwisha kushonwa, na simu yake ikalia. Aliishika kwa mkono mmoja, akaisogeza karibu na jicho la kulia, lile lenye nafuu. Vidole vilikuwa vimepona. Alisoma herufi moja moja kwa sauti: kutia dondo, kofia mbili. Kidole kilikwenda, kikarudi, kikauliza njia, na Lamya akaibana mikono yake chini ya mapaja kwa nguvu zote. Nusu dakika. Dakika moja. Kidole kikashuka, kikagusa, kikanyanyuka.

Alama ya kijani ikawaka.

"Haya," alisema Bi Mwanakheri, "sasa ndo nimepokea."

Jioni, wanawake walipokwisha kuondoka, Lamya alimsaidia bibi yake kukunja mikeka. Alimuuliza kama simu zile ndizo zilizoleta balaa lote, na kama isingekuwa bora zisije kabisa. Bi Bahiya alifikiri kidogo huku akijinyoosha mgongo.

"Simu haina kosa, mwanangu. Kofia zetu zinaonekana Maskati, na mimi nnafurahi. Lakini simu inajua kilichobonyezwa, haimjui aliyebonyeza wala hali yake. Kumjua mtu ni kazi yetu sisi. Kitu kipya kikija, kwanza mtazame mtu, umuulize anaweza nini na anaogopa nini, ndipo umpe. Ukimfanyia, umempumzisha leo na kumwacha nyuma kesho. Na kuna baya kuliko hilo. Ukiandika kwamba anajua ilhali hajui, hakuna tena atakayekuja kumfundisha."

Lamya aliitikia kwa kichwa. Aliubeba mkeka wa mwisho ndani, akaosha sinia, akaipangusa. Bi Bahiya akatia chapati sita zilizobaki, akazifunika kwa kawa.

"Kula," alisema, "kisha ukalale."